Tuwashirikishe vipi wakazi katika mpango wa maendeleo wa parishi yetu ya vijijini?

Mkazi Mpya:

Ndugu zangu, naomba mwongozo. Ninaishi kijijini Uingereza, na baraza la parishi yetu (nasema parishi kwa maana ya ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, si parokia ya kanisa) limeamua kuandaa mpango wa ujirani utakaoongoza ujenzi kwa miaka 15 ijayo. Mimi nimeingizwa kwenye kamati ya kuuandaa, nadhani kwa sababu tu nilihudhuria kikao kimoja nikauliza swali. Tuliitisha mkutano ukumbini. Waliokuja walikuwa wachache, karibu wote wastaafu wenye nyumba zao, na mazungumzo yakaganda kwenye jambo moja: nyumba mpya zisijengwe. Vijana hawakuonekana, wala wapangaji, wala wale wanaotoka alfajiri kwenda kazini mjini. Sasa baadhi ya wajumbe wanapendekeza mshauri wa kulipwa aandike rasimu, kisha wakazi waoneshwe na kuikubali au kuikataa, kwa kuwa mwishoni ipo kura ya maoni. Njia hiyo hainiridhishi, lakini sina hoja ya kuipinga. Waliowahi kuifanya kazi hii walianzia wapi?

Mzee wa Kamati:

Ndugu Mkazi Mpya, hoja unayo, tena imo ndani ya utaratibu wenyewe. Tangu ilipopitishwa sheria ya mwaka 2011 iliyozipa jamii mamlaka haya, mpango wa ujirani ukipita huwa sehemu ya mpango rasmi ambao wilaya hupaswa kuuzingatia inapoamua maombi ya ujenzi. Kabla ya hapo rasimu hutangazwa kwa wakazi kwa muda usiopungua wiki sita, hupelekwa wilayani na kutangazwa tena kwa wiki sita nyingine, hupitiwa na mkaguzi huru, ndipo kura ipigwe. Kura hiyo ni ya ndiyo au hapana kwa waraka mzima. Mkazi anayependa sehemu ya viwanja vya wazi lakini haridhiki na sehemu ya nyumba hana pa kulisemea hilo siku ya kura, kwa hiyo nafasi yake ya kweli ni kabla mstari wa kwanza haujachorwa kwenye ramani.

Tazama Upper Eden, kule Cumbria, ambako parishi 17 ziliungana na mwezi Machi 2013 zikawa za kwanza nchini kupigia kura mpango wa aina hii. Takriban asilimia 90 ya waliopiga kura walisema ndiyo, lakini waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja tu ya wenye haki ya kupiga kura. Siwalaumu hata kidogo, kwa maana kura nyingi za mitaa huko huwa hivyo. Ninachosema ni kwamba ushindi kwenye sanduku hauwezi kukuonesha theluthi mbili zilizobaki nyumbani zinataka nini.

Sisi tulianza na ramani kubwa isiyo na kitu zaidi ya barabara, mto na majengo yaliyopo, tukaiweka mezani mahali ambapo watu hupita kwa shughuli zao, pamoja na vikadi vya rangi. Njia hii ina asili yake: katika miaka ya 1970 Tony Gibson alibuni utaratibu wa wakazi kujenga kielelezo cha mtaa wao kwa makaratasi magumu na kuweka vikadi vya mapendekezo juu yake. Uzuri wake ni kwamba asiyependa kusimama mbele za watu anaweka kadi yake kimya kimya, na kadi ya mwenyekiti haiwi nzito kuliko ya mtoto wa shule. Mikutano ya ukumbini huwapa nafasi wenye sauti. Meza ya ramani ilitupatia mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyatamka kikaoni, kama njia ya miguu iliyokatika karibu na daraja ambayo akina mama wenye vigari vya watoto walikuwa wakiilalamikia wao kwa wao kwa muda mrefu.

Jambo jingine ni ukweli. Mpango wa ujirani hauwezi kuruhusu nyumba chache kuliko zile zilizokwisha kupangwa na sera kuu za wilaya. Ukiwauliza watu "mnataka nyumba mpya?" unawapa swali ambalo jibu lake halina kazi, na siku watakapogundua hivyo watakuona mlaghai. Waulize zijengwe wapi, za vyumba vingapi, zifanane na nini, na eneo gani lisiguswe kwa sababu lina thamani ya pekee kwao. Hapo hata mpinzani mkali ana la kuchangia, na mchango wake unatumika.

Mpangaji:

Naandika kama mpangaji wa nyumba, si mpangaji wa miji, ingawa lugha yetu imetupa jina moja. Mkutano wenu ulifanyika saa ngapi? Wetu uliitwa Jumatano saa nane mchana, halafu tukaambiwa vijana hawajali. Kamati ilipohamia kituo cha basi asubuhi na lango la shule jioni, dodoso fupi la maswali matano lilijazwa na watu ambao hakuna mjumbe aliyewafahamu kwa jina. Wengi wao walikuwa watoto wa kijiji waliokua na kushindwa kupata nyumba ya kupanga karibu na wazazi wao.

Ombeni pia uchunguzi wa mahitaji ya nyumba. Ukionesha uhaba, hufungua mlango wa kujenga nyumba za bei nafuu kwa ajili ya wenyeji pembezoni mwa kijiji, kwenye ardhi ambayo kwa kawaida isingeruhusiwa kujengwa. Hata wastaafu wetu walilegeza msimamo walipoona kwamba wanaozungumziwa ni wajukuu wao.

Karani Mstaafu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila msimfukuze mshauri. Aje baadaye, awasaidie kuyageuza maoni kuwa sera ambazo mkaguzi hatazifuta, kwani hiyo ni kazi ya ufundi. Jihadharini na jambo moja: wakazi watawaletea malalamiko ya mabasi, mashimo ya barabarani na magari yanayokimbia, ilhali sera za mpango huu zinahusu matumizi ya ardhi. Msiyatupe. Yawekeni kwenye kiambatisho kinachojitegemea, yawe orodha ya kazi za baraza. Pale wilaya inapotoza wajenzi tozo ya miundombinu, parishi yenye mpango uliopitishwa hupata asilimia 25 ya tozo ya ujenzi uliofanyika kwake, badala ya 15, na baadhi ya malalamiko hayo yanaweza kugharamiwa humo.

Wekeni kumbukumbu tangu leo. Mtakapowasilisha mpango mtadaiwa taarifa inayoeleza mliwasiliana na nani, kwa njia gani, walisema nini na mlilifanyia nini. Sisi tulianza kuitafuta mwishoni, na miezi mitatu ilipotea tukifukua barua pepe.

Mkazi Mpya:

Nashukuruni sana. Hiyo taarifa ndiyo nitakayoipeleka kikaoni, kwa sababu haijibiki kwa rasimu iliyoandikwa na mtu mmoja. Swali la mwisho: majirani zangu wawili ni raia wa Kenya na hudhani kura hiyo haiwahusu. Je, ni kweli?

Mzee wa Kamati:

Si kweli. Kura hiyo hupigwa na walioandikishwa kwa uchaguzi wa serikali za mitaa katika eneo husika, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali wana haki ya kujiandikisha. Waambie wajiandikishe mapema. Dodoso wanaweza kulijaza hata kesho.