Mstari hauneneki nikikandamiza: tatizo ni nibu au mkono?

WinoMweusi: Wakuu, najifunza Copperplate, ule mwandiko wa mshazari wa karne ya 18: mstari ukishuka ni mnene, ukipanda ni mwembamba kama unywele. Kalamu yangu ya wino ina nibu (kile kipande cha mbele kinachoandika) ya chuma, saizi M, yaani ya wastani. Nikikandamiza sana, zinatoka nyuzi mbili zenye uwazi katikati. Nirekebishe nini?

HatiMlazo: Ni nibu, mkuu. Nibu nyingi za siku hizi ni ngumu, na nchani zina kidonge cha metali ili ziteleze kila upande, ndiyo maana unene haubadiliki. Copperplate inataka nibu iliyochongoka na inayonepa. Ukishuka unakandamiza, ncha mbili za nibu, zilizotengwa na mpasuko wa katikati, zinaachana na wino unajaza nafasi hiyo. Ukipanda unalegeza, zinarudiana. Nyuzi mbili zako ni ncha zilizoachana bila wino kuwahi kujaza. Acha kuilazimisha, maana ikishapinda kupita kiasi hairudi, na wino utakuwa unakatika hata kwenye maandishi ya kawaida.

Mpasuko: Naongezea: usinunue ya dhahabu kwa sababu tu imeandikwa 14K. Hicho ni kiasi cha dhahabu, asilimia 58 hivi. Kunepa kunatokana na umbo na wembamba wa nibu yenyewe.

Anza na nibu ya kuchovya. Ikiwa mpya ina mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa sabuni na uikaushe, la sivyo wino utajikusanya matone. Chovya hadi kitundu cha katikati ya nibu kifunikwe, kisha gusisha nibu kwenye mdomo wa chupa. Piga mistari ya mwongozo ya mshazari, nyuzi 55 kutoka mstari wa kuandikia, na mpasuko wa nibu uifuate. Hapa ndipo wengi hukwama: mpasuko ukienda upande, ncha moja inabeba uzito wote na kuchimba karatasi. Kishikio chenye shingo ya pembeni kilibuniwa kwa ajili hiyo.

Wino wenye sheleki (aina ya utomvu unaokauka ukawa mgumu) usiutie kabisa kwenye kalamu yako ya sasa, utagandia ndani.

WinoMweusi: Kwa hiyo hii ya sasa haina kazi?

HatiMlazo: Inayo. Kama nibu yake inabadilishika, weka nibu bapa, yenye ukingo wa upana wa milimita 1.1, uandike mwandiko wa Italiki. Unene huko unaletwa na pembe, si nguvu: shikilia ukingo kwenye nyuzi 45 hivi, na usiizungushe kalamu vidoleni.