Shule binafsi za Kigoma: miaka niliyofundisha Kiingereza Thailand haikuwa likizo, na jasho langu nalitaka

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, lakini leo natoa yote maana nimekaa nayo tangu nirudi Kigoma na kila nikimeza inapanda tena.

Hivi nani aliwaambia wamiliki wa shule za inglishi midiamu hapa mkoani kwamba mtu akifundisha nje ya nchi ile miaka inafutika akishuka tu kwenye treni? Nimezunguka Mwanga, Gungu, Katubuka, mpaka Kasulu nimefika, jibu ni lile lile. "Uzoefu wa nje hatuutambui." "Lete uzoefu wa Tanzania." Ukiuliza basi huo wa Tanzania mtu anaupata wapi kama hamumpi kazi Tanzania, wanakuangalia kama umewatukania mzazi.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nina shahada ya lugha, sio ya ualimu, hilo likumbukeni maana ndipo wanaponikamatia. Nilipomaliza chuo nikakaa mtaani kama wengine, nikasoma cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokijua, cha masaa 120, nikafanya mtihani wa TOEIC maana kule kama pasi yako sio ya Uingereza au Marekani na wenzao lazima uthibitishe Kiingereza chako kwa alama, nikahangaikia hati ya tabia njema ya polisi, vyeti vikagongwa mihuri ofisi kwa ofisi, ndo nikaenda Thailand. Sio Bangkok ya kwenye picha. Shule ya serikali huko mikoani kwao, darasa watoto arobaini na kitu, wao Kiingereza hawajui hata cha kuombea maji na mimi Kithai sijui. Asubuhi walimu mnasimama getini kupokea watoto, saa mbili kamili bendera inapanda na wimbo wa taifa, halafu unaingia darasani na hakuna lugha ya kujificha nyuma yake. Huwezi kutafsiri ubaoni. Unafundisha kwa sauti za herufi, kwa picha, kwa vitendo, kwa kuimba, unarudia mpaka koo linakauka, mtoto aongee kwanza kuandika kutakuja baadaye. Muhula unaisha mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mwenzake anakufata uwanjani anakuuliza kitu kwa Kiingereza, kimevunjika vunjika lakini ni chake mwenyewe. Wakuu hiyo ni kazi, tena kazi ambayo walimu wengi hawajawahi kuifanya hata wiki.

Na msidhani kule tulikuwa tunabebwa. Mshahara kule unaangalia pasi kabla haujaangalia mtu. Muingereza aliyesomea biashara ya hoteli anaingia anapewa mkubwa kuliko Mfilipino aliyesomea ualimu miaka yote, na Wafilipino ndio wengi kwenye hizo kazi. Sisi Waafrika ndo kabisa, unaongea nao vizuri kwenye simu mkifika kwenye video kazi imeshajaa. Mkataba wa miezi kumi, likizo ndefu ya Machi mpaka Mei hulipwi, na kibali cha kuishi kimefungwa kwenye hiyo hiyo kazi kwa hiyo ukigombana na shule umegombana na uhamiaji. Nilivumilia yote hayo. Mzee wangu alipoanza kuumwa figo nikarudi, na sijutii, mtoto wa kwanza ni mimi.

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi. Kuna shule moja hapa mjini, jina silitaji, wenyewe wanajijua na najua wengine wapo humu. Niliomba nafasi ya mwalimu wa Kiingereza, wakaniita nifundishe somo moja la kupima. Nikafundisha darasa la pili, watoto wakachangamka, mwalimu mkuu akaja mwenyewe kusimama mlangoni. Mkurugenzi akanambia mdogo wangu hongera, tunakuanzisha na mwezi wa majaribio mambo ya mkataba tutayakamilisha. Sawa mzee. Mwezi ule nimefundisha vipindi kamili kama mwalimu mwenye ajira. Nimeandaa azimio la kazi la muhula mzima. Nimekata kadi za picha kwa mkono usiku umeme umekatika natumia tochi ya simu. Nimewakalisha walimu wenzangu Jumamosi kuwafundisha namna ya kuanzisha mtoto na sauti za herufi. Hotuba ya mkurugenzi ya siku ya wazazi kwa Kiingereza nimeiandika mimi. Na picha zangu nikiwa darasani wakazirusha kwenye ukurasa wao na magrupu ya WhatsApp ya wazazi, "mwalimu wetu mwenye uzoefu wa kimataifa", usajili wa mwaka mpya ulikuwa umefunguliwa.

Mwezi umeisha nikaenda kuulizia mkataba na mshahara. Mkurugenzi yule yule akanambia kwa bahati mbaya wewe sio mwalimu kitaaluma, tukikuajiri wakaguzi watatusumbua, na majaribio hayalipwi.

Yaani kwenye matangazo nina uzoefu wa kimataifa, kwenye malipo mimi sio mwalimu. Azimio langu la kazi wanalo mpaka leo na kadi zangu zinafundishia, nimeambiwa na watu wa mle mle ndani.

Kama tatizo lilikuwa ni cheti mbona sivii yangu walikuwa nayo tangu siku ya kwanza? Imeandikwa shahada ya lugha, herufi kubwa. Waliisoma, wakanyamaza mpaka kazi ikaisha.

Upande wa serikali siwalaumu sana maana angalau masharti yao yako wazi. Ukiingia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira nafasi ya mwalimu inataka shahada ya ualimu au shahada nyingine pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu, na umri usizidi miaka 45, basi, unajua cha kufanya. Hiyo stashahada Chuo Kikuu Huria wanayo na kituo Kigoma kipo, ada ndo natafuta. Hilo nalikubali. Ninachokataa ni kwamba ile miaka yote darasani haina pa kuandikwa popote, hakuna sehemu mtu anasema huyu kafundisha, apunguziwe hata mazoezi ya kufundisha. Barua zangu za kazi zimeandikwa Kithai, nimelipia tafsiri ya kuthibitishwa, ofisa anazipindua anaulizia muhuri wa halmashauri. Halmashauri gani ndugu yangu, ya Thailand?

Mashirika yanayohudumia wakimbizi kambini Nyarugusu nako nimejaribu, kufundisha, kutafsiri, chochote. Huko nako uzoefu wa ndani kwanza.

Mtaani ndo usiseme. Mara ametimuliwa, mara ana hela kaificha anajifanya hana. Mama mmoja jirani alimfata mama yangu akamuuliza mbona mwanao karudi na begi moja. Mama kalia siku hiyo. Hilo nalo naliweka hapa kwa sababu hawa wakurugenzi wanadhani wanamkosea mtu mmoja.

Na wanaoumia zaidi ni watoto wetu, hapo ndo damu inanichemka. Mtoto wa Mwandiga au Kalinzi nyumbani anaongea Kiha, darasani Kiswahili miaka yote ya msingi, akifika kidato cha kwanza anakutana na baiolojia, jiografia, hesabu, vyote Kiingereza kwa siku moja. Anakariri. Anajibu mtihani bila kujua swali limeuliza nini. Mtaala mpya sasa hivi Kiingereza kinaanzia darasa la kwanza, zamani kilikuwa kinaanza la tatu, jambo zuri, lakini anayejua kumuanzisha mtoto wa miaka sita kwenye lugha ambayo hajawahi kuisikia nyumbani ni nani? Hicho ndicho nilichokuwa nakifanya kule kila siku! Na kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, Januari 2028 wote wanaingia sekondari, mikupuo miwili kwa mpigo. Watu wenye hii kazi mikononi mnao hapa hapa Kigoma, wapo waliorudi kutoka China, Vietnam, Thailand, wanauza vocha na wanaendesha boda, na nyie mnasema hamuwatambui.

Nimeshaenda kuuliza wanaojua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi unapoanza, na majaribio ni sehemu ya ajira, mtu kafanya kazi analipwa. Madai ya mshahara unayapeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60, ukichelewa unaanza kuomba huruma. Na picha za mtu kuzitumia kwenye biashara bila ridhaa yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mkurugenzi kama hujaisoma itafute.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Mshahara wa mwezi niliofanya kazi, wote. Barua inayosema nilifundisha pale kuanzia lini mpaka lini, maana ndo huo "uzoefu wa Tanzania" mnaoudai. Na picha zangu zishushwe kila mahali leo hii. Barua ya madai nimeipeleka kwa mkono na nakala imesainiwa mapokezi, ukiisha mwezi huu bila majibu nafungua shauri.

Kama kuna mwalimu mwingine mkoa huu amefanyishwa "majaribio" akaachwa hivi hivi, awe amerudi kutoka nje au hajawahi kutoka hata Uvinza, aje PM. Nikiwa peke yangu watasema nina hasira zangu, tukiwa watano watatafuta wakili.