Tupeane uzoefu: michoro ya Halloween iliyowatisha na kuwachekesha watoto wenu

Mama Wawili (Columbus, Ohio)

Habari zenu wanajamvi. Zimebaki wiki mbili na ushee kufika Halloween, tarehe 31 Oktoba, ule usiku wa mapambo ya kutisha ambapo watoto hugonga milango kuomba peremende, na hapa kwangu meza ya chakula imeshageuka karakana. Mwaka jana nilinunua mapambo ya plastiki dukani. Yalikaa mlangoni siku tano, yakaishia kwenye pipa la taka. Mwaka huu nimeweka nadhiri kwamba hatununui hata pambo moja, kila kitu kitachorwa. Naomba tuelezane: umewahi kuchora nini na watoto kikatisha kweli, au kikawavunja mbavu, na mlikichora vipi?

Naanza mimi. Binti yangu ana miaka sita, na alikuwa hashuki kwenye besmenti kwa chochote. Kule chini kuna tangi la kuchemshia maji linalonguruma usiku, naye akaamini kuna kiumbe. Jumamosi moja nikampa karatasi nyeusi na chaki nyeupe, nikamwambia anichoree huyo kiumbe alivyo. Alichora kitu chenye shingo tatu na meno kama ya mbuzi wa kukunia nazi. Nikasisimka mwili, nisiwafiche. Nikamuuliza, "Na miguuni kavaa nini?" Akafikiri kidogo, akachukua rangi akamchorea kandambili, moja nyekundu na moja ya bluu. Nikamuuliza mbona hazifanani. Akasema, "Moja kaokota."

Tukambandika kwenye mlango wa besmenti. Siku hizi akishuka kuchukua nguo kwenye mashine anamwamkia shikamoo.

Kwa hiyo langu ni hilo: mtoto achore kinachomtisha yeye mwenyewe, siyo cha dukani, halafu umuulize maswali ya nyumbani. Anakula nini? Analala wapi? Nani anamkata kucha? Mchoro unabadilika mbele ya macho yako.

Bint Pwani (Leicester)

Mama Wawili umenikumbusha mbali. Mwanangu alichora mchawi juu ya ufagio kama walivyofundishwa darasani, akamwonyesha bibi yake wa Mombasa kwenye simu. Bibi akavaa miwani, akatazama, akasema, "Mchawi gani huyu apanda ufagio? Ufagio ni wa kufagilia uwanja. Mchawi hupanda ungo."

Basi tukaanza upya. Na mchoro wa ungo unapendeza kuliko wa ufagio, nawaambia kweli. Una duara mbili, mwezi nyuma na ungo mbele, ila ungo ukitazamwa kutoka chini unakuwa duara lililobanwa, mfano wa yai lililolala. Halafu zile njia za ukindu mwachora mistari ya kukatana. Mchawi tukamketisha kitako, amekunja miguu, leso (kanga) yapepea nyuma. Mwanangu akauliza leso yaandikwaje jina. Bibi huko kwenye simu akasema andikeni *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Mwalimu wake Muingereza aliomba afasiriwe, naye akatulia na ule mchoro muda mrefu.

Mwezi wenyewe tuliuchora kwa mshumaa mweupe. Karatasi nyeupe, mshumaa mweupe, huoni kitu. Kisha wapaka rangi ya maji ya bluu nzito iliyochanganywa na nyeusi kidogo, na mwezi watokea wenyewe kwa sababu nta yakataa maji. Mtoto alipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Mkono wa Kushoto (Dar es Salaam)

Wakuu, mimi nafundisha sanaa shuleni. Hapa Dar mitaani Halloween hakuna, lakini darasani kwangu kuna watoto kutoka nchi nyingi na kila Oktoba wanataka kuchora mizuka. Wote huja na ile ile ya shuka nyeupe yenye matundu mawili. Sikatai, lakini huwa nawapeleka kwanza kwa mashetani ya Kimakonde.

Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani hapa Dar es Salaam miaka ya 1950. Viumbe wa jicho moja, mguu mmoja, mdomo ulioota ubavuni. Kisha akaja George Lilanga (1934–2005), huyu alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, mashetani yake akayapaka rangi kali, masikio makubwa, macho ya kutoka nje, vidole vya miguu viwili au vitatu. Na tazama wanachofanya: wanacheza ngoma, wanabeba watoto, wanapiga soga. Alichokifanya binti yako kwa kandambili, dada, Lilanga alikifanya maisha yake yote.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la karatasi iliyokunjwa sehemu tatu. Mtoto wa kwanza anachora kichwa sehemu ya juu, anakunja, anamkabidhi mwenzake ambaye hajaona kitu. Wa pili anachora kiwiliwili. Wa tatu miguu. Wasanii wa Paris walikuwa wakiucheza mchezo huu miaka ya 1920. Siri yake ni moja: mistari miwili ya shingo ivuke kidogo ule mkunjo, ili anayepokea ajue pa kuanzia. Mwaka juzi tulipata kichwa cha bundi, kiwiliwili cha dereva wa daladala amening'iniza taulo shingoni, na miguu ya kuku. Kilibandikwa ubaoni muhula mzima.

Niongeze na haya, kwa sababu mchoro wa kutisha ukiwa na kosa la umbo mtoto mwenyewe anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hawezi kusema ni nini.

Buibui: miguu yote minane inatoka kipande cha mbele. Karibu kila mtoto anaichomeka kwenye tumbo, buibui anafanana na jua. Popo: bawa lake ni mkono. Mwambie mtoto aweke kiganja kwenye karatasi, apanue vidole, azungushe penseli, kisha avirefushe vile vidole vinne na kuunganisha ngozi katikati. Kidole gumba kibaki kifupi kama ndoano. Hapo popo anakuwa popo. Kiunzi cha mifupa: mbavu ni jozi 12, nao wanachora ngazi ya mistari mitano. Nawaambia wajipapase wenyewe, wahesabu wanazoweza kuzifikia. Darasa linakuwa kimya kabisa, kila mmoja na mkono ubavuni. Kwa wadogo, vile vijiti vya pamba vya masikio vikibandikwa kwa gundi kwenye karatasi nyeusi vinatoa mifupa mizuri sana.

Na kwa nyuso: zima taa, weka tochi chini ya kidevu, mtoto ajitazame kwenye kioo. Tumezoea mwanga utoke juu. Ukitoka chini, vivuli vinapanda juu badala ya kushuka, na uso unakuwa wa kutisha. Hicho ndicho anachotakiwa kuchora, kwa mkaa na kifutio tu. Pale penye mwanga afute.

Jirani Mwema (Toronto)

Assalaam alaykum. Sisi nyumbani Halloween hatusherehekei, kwa sababu za dini, na watoto wanalijua hilo. Lakini binti yangu anapenda sana kuchora, na Oktoba darasa zima linachora. Alirudi siku moja hana raha. Nilienda kuongea na mwalimu wake na tukaelewana vizuri: yeye atachora usiku. Si mizuka, usiku tu.

Mkitaka mti wa usiku, dondosha wino mweusi au rangi nyepesi chini ya karatasi, kisha upulize kwa mrija. Wino unakimbia, unagawanyika, unagawanyika tena, na matawi yanajichora yenyewe, hakuna mkono wa mtu unaoweza kuyapinda vile. Tukaongeza mwezi na bundi. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Unguja, akamwona bundi ukutani, akasema huyo aondoke sebuleni, ndege wa mkosi. Nilimheshimu mama yangu, bundi akaenda shule siku iliyofuata. Mwalimu alimweka mlangoni kabisa.

Mama Wawili

Waalaykum salaam Jirani Mwema. Nimeshukuru umeandika. Huu wa mrija nimeujaribu jana usiku, kijana wangu amechora msitu mzima hakutaka kulala.

Baba Furaha (Des Moines, Iowa)

Jambo wote. Sisi tulitoka Bukavu. Hapa Des Moines kuna desturi ambayo miji mingi hawana: mtoto akigonga mlango hapewi peremende hivi hivi, lazima kwanza aseme kichekesho. Mwaka wetu wa kwanza, kijana wangu alikuwa na Kiingereza kidogo sana. Alilia akasema hatatoka, watamcheka.

Tukakaa jioni tatu tukatengeneza kadi. Karatasi ngumu, imekunjwa katikati kama kitabu. Nje mchoro wa kutisha, ndani jibu. Tukachukua vitendawili vyetu. *Nyumba yangu haina mlango*: nje akachora nyumba nyeupe ya duara katikati ya makaburi, ina ufa, na ndani ya ufa jicho. Ukifungua, yai na kifaranga. *Popoo mbili zavuka mto*: nje giza tupu na maji, na vitu viwili vya duara vinang'aa juu ya maji. Ukifungua, uso wa mdogo wake na macho yake. *Kila niendapo ananifuata*: nje mtu mwembamba mrefu kashika visigino vya mtoto. Hiyo ilitisha hata mimi. Ukifungua, ni mtoto yule yule na kivuli chake mchana wa jua.

Hakuhitaji maneno mengi. Alisema "Kitendawili!", akawafundisha kujibu "Tega!", akaonyesha kadi, wao wakakisia. Nyumba ya tatu mama mmoja mzee alishindwa ile ya yai, akamwita mumewe, mumewe akashindwa, wakamwita binti yao kwenye simu. Tulisimama pale mlangoni kwenye baridi dakika kumi, kijana wangu anacheka. Alirudi na mfuko umejaa, lakini peremende hakuzigusa mpaka asubuhi. Alikuwa anahesabu nyumba ngapi zilishindwa.

Bint Pwani

Baba Furaha, nimesoma nikalia. Kadi ya kivuli naichukua.

Mzee wa Zamu (Minneapolis)

Mimi nitasema kwa ufupi, naingia kazini. Msichore kwa chaki kwenye lami mkategemea itadumu. Huku wenyeji mpaka leo wanasimulia theluji ya 1991 iliyoanza kuanguka siku yenyewe ya Halloween, ikafika sentimita 72. Chora kwenye vioo vya dirisha, upande wa ndani, taa ikae nyuma yake. Paka, popo, vidole virefu, vyote vyeusi tii, wapita njia wanaviona tangu ng'ambo ya barabara. Rangi ya watoto ichanganywe na matone ya sabuni ya vyombo ndipo itoke kirahisi ukiosha. Mimi sikutia sabuni. Nilikwangua madirisha mpaka Desemba.

Mama Wawili

Asante sana mkuu, sabuni nimeiandika kabisa. Swali la mwisho kwa wote: boga. Mkilichonga linaoza upesi, ukungu juu, wadudu ndani. Mnafanyaje?

Mkono wa Kushoto

Usilichonge, lichore. Boga zima lisilo na jeraha linakaa wiki nyingi. Kalamu nene nyeusi ya wino usiofutika, au rangi ya akriliki. Na tumia zile mbonyeo zake: mstari wa pua upite kwenye bonde, mashavu yakae kwenye matuta. Ukiligeuza lilale ubavu, kikonyo kinakuwa pua. Sikukuu ikiisha, kama umelichora kwa chaki tu, lioshe ulipike kwa nazi. Lililopakwa rangi au wino msile.

Bint Pwani

Na mkitaka sura mbaya kuliko ya boga, chora tanipu. Boga lilianza Marekani, lakini Ireland walichonga tanipu, ule mzizi mnene wa jamaa ya figili, na Waireland waliohamia Marekani karne ya 19 ndio waliokwenda na desturi hiyo, wakalikuta boga kubwa na laini kuchonga. Tanipu likikauka hujikunja, meno yaingia ndani, lafanana na kichwa cha maiti ya kizee. Sisi twanunua moja sokoni, twalichonga, twaliweka dirishani wiki mbili, na kila jioni mwanangu alichora upya. Ana michoro kumi na nne ya uso mmoja ukizeeka. Ukiipitisha haraka kwa kidole gumba, uso wajikunja mbele yako. Mimi sipendi kuishika usiku.

Mama Wawili

Wanajamvi, leo ni tarehe 2 Novemba, narudi kuleta mrejesho. Mlangoni tulikuwa na mchawi wa ungo (jina la leso yake tuliandika lile lile la bibi wa Mombasa, mtuombee radhi), msitu wa mrija, popo kumi na moja wa viganja, na maboga mawili ya kulala ubavu. Kijana wangu alitengeneza kadi nne za vitendawili akawa anawatega watoto waliokuja kwetu, foleni ikafika kwenye ngazi. Waliogopa zaidi ile ya kivuli, kama alivyosema Baba Furaha.

Jana nilianza kubandua. Nilipofika kwenye mlango wa besmenti, binti yangu akaja mbio akasimama mbele ya yule wa shingo tatu, mikono ameitandaza. Nikamwambia, "Mama, sikukuu imeisha, huyu naye tumkunje." Akaniuliza, "Sasa atalala wapi?"

Nimemwacha. Usiku kabla ya kulala alishuka na penseli za rangi, akamchorea mto na shuka.