Nimeombwa kuongoza baraza huru la kuishauri serikali kuhusu sayansi: nitie saini?

Mkemia wa Tudor ameuliza:

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nimefundisha kemia ya maji kwa miaka 26, na wakati nilipokuwa najiandaa kustaafu ili nami nipate kushinda barazani na wenzangu, nimeletewa barua ya kuniomba niwe mwenyekiti wa baraza la wataalamu tisa litakaloishauri serikali ya kaunti juu ya sayansi na teknolojia. Barua ina kurasa mbili. Neno "huru" limetajwa mara tano, lakini sikuona palipoandikwa ni nani atakayegharimia kazi yetu, ni nani mwenye uwezo wa kuniondoa, wala ripoti zetu zitawekwa wapi zikishakamilika. Swali la kwanza tayari tumewekewa mezani: je, Mombasa ijengewe mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ndiyo au la? Jibu linatakiwa katika wiki sita. Kwa mliowahi kukaa katika vyombo vya namna hii, je, nikubali, na nikikubali nianzie wapi?

Karani Mstaafu:

Waalaikum salaam, Mwalimu. Usitie saini bado.

Nilikuwa katibu wa kamati ya ushauri kwa miaka mitatu, na sitasema ilikuwa ya ofisi gani. Tuliandika kwamba usalama wa dawa moja ya kunyunyizia mbu "haujathibitika" katika mazingira ya Pwani. Rasimu ilipelekwa juu, ikakaa huko siku kumi na moja, na iliporudi tulisoma kwamba usalama huo "umethibitika". Hapakuwa na aya iliyofutwa wala jedwali lililobadilishwa. Ni herufi chache tu mwanzoni mwa neno moja, na maana yote ikapinduka. Mwenyekiti wetu alikuwa msomi hodari lakini hakuwa na kifungu cha kushika mkononi, kwa hiyo alilalamika kwa mdomo, akajibiwa kwa mdomo, na mambo yakaishia hapo. Nakala yenye kalamu nyekundu ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni haki ya kuchapisha: iandikwe kwamba ripoti itatolewa kwa umma kama baraza lilivyoipitisha, baada ya idadi maalumu ya siku, serikali iwe imeipenda au haikuipenda. La pili ni kuondolewa kwako. Profesa David Nutt, aliyeongoza baraza la kuishauri serikali ya Uingereza kuhusu matumizi mabaya ya dawa za kulevya, alitakiwa na Waziri wa Mambo ya Ndani ajiuzulu Oktoba 2009 kwa kuwa alikuwa amesema hadharani kwamba pombe na tumbaku zina madhara makubwa kuliko bangi. Wajumbe kadhaa walijiuzulu kumfuata, na mwaka uliofuata serikali ikachapisha kanuni za namna ya kuwatendea washauri wake wa kisayansi. Kanuni zilikuja, naam, lakini yeye alikuwa ameshatoka.

Uangalie pia mlango wa kuingilia. Baraza la Sayansi la Japani, lililoundwa mwaka 1949, lilikuwa na wajumbe 210, na nusu yao walikuwa wakibadilishwa kila miaka mitatu kwa mapendekezo ya baraza lenyewe. Mwaka 2020 Waziri Mkuu Yoshihide Suga aliwakataa 6 kati ya 105 waliopendekezwa, na hakueleza kila mmoja alikataliwa kwa sababu gani. Ikiwa barua yako haisemi hao wanane wengine watateuliwa vipi, basi hujui unaongoza baraza la nani.

Mhandisi wa Kizingo:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na Karani kuhusu maandishi, ila naona ametilia mkazo upande mmoja. Baraza linaweza kuwa huru kiasi kwamba hakuna anayelikumbuka. Kanada ilikuwa na Baraza la Sayansi tangu mwaka 1966, likitoa ripoti nzito, na mwaka 1992 serikali ililifunga katika hatua za kubana matumizi. New Zealand walichukua njia nyingine: mwaka 2009 walimteua Peter Gluckman kuwa mshauri mkuu wa kwanza wa sayansi wa waziri mkuu, akakaa hadi 2018. Mimi ningekushauri udai, pamoja na hayo ya Karani, kikao cha ana kwa ana na gavana mara nne kwa mwaka, chenye kumbukumbu zilizoandikwa.

Hata hivyo kinachonitia wasiwasi zaidi ni swali lenyewe. "Ndiyo au la" si swali la kuuliza baraza la sayansi, kwa sababu kuamua ni kazi ya waliochaguliwa na watu. Kazi yenu ni kusema kinachojulikana, kisichojulikana, na kila njia itagharimu nini. Chukua mtambo huo. Kusukuma maji ya bahari kupita kwenye chujio hutumia umeme wa takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila mita moja ya ujazo ya maji matamu, kwa hiyo bei ya maji itafuata bei ya umeme. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Ukitoa sehemu 45 katika kila 100 zikawa maji matamu, zile 55 zinazobaki zitakuwa na gramu kama 64, na ni lazima zimwagwe mahali. Wapi, na mkondo wa maji ukielekea upande gani? Hilo waulizeni watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, ambao makao yao yako hapa hapa mjini. Halafu kuna mabomba tuliyo nayo: maji ya chemchemi za Mzima yanasafirishwa hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, na mita moja ya ujazo inayovujia ardhini njiani ni sawa na mita moja ambayo mtambo utalazimika kuitengeneza kwa umeme. Andikeni njia tatu au nne na gharama zake, kisha muache wenye kuamua waamue mbele ya watu.

(Marehemu Profesa Calestous Juma, ambaye serikali nyingi zilimtegemea kwa ushauri wa aina hii, alianzia kazi ya ualimu wa shule ya msingi papa hapa Mombasa. Walimu msijidharau.)

Mvuvi wa Likoni:

Wataalamu tisa, na hakuna hata mmoja anayeshusha wavu. Hayo maji ya chumvi yakimwagwa karibu na matumbawe, sisi ndio tutakaojua kwanza, kabla ya maabara yoyote. Mwenyekiti, nakuomba utuite tuzungumze kabla ya ripoti, kwa maana ikishatoka mtakuwa mnatueleza tu.

Mkemia wa Tudor:

Nawashukuru nyote. Nimeirudisha barua pamoja na marekebisho manne: ripoti kuchapishwa ndani ya siku 30 bila kuguswa, wajumbe kuteuliwa kwa tangazo la wazi, mwenyekiti kuondolewa kwa sababu zilizotajwa tu na kwa maandishi, na swali la mtambo kugeuzwa kuwa "ni njia zipi za kuongeza maji, kwa gharama na madhara gani", kwa muda wa miezi mitano. Ndugu wa Likoni, kikao cha wavuvi nimekiingiza katika mwezi wa kwanza.

Jana nimejibiwa. Swali limekubaliwa, tangazo limekubaliwa, na siku 30 zimekuwa 60, jambo ambalo naweza kulivumilia. Kuhusu kifungu cha kuondolewa, afisa mmoja alinipigia simu akaniambia kwa upole kwamba nisiwe na shaka, hakuna anayefikiria kuniondoa. Nilimshukuru, nikamwomba ayaandike maneno hayo hayo kwenye barua. Bado nangoja, na saini sijatia.