Bodi za taima zinachelewa: pini za springi, JTAG, oskiloskopu au GPS?

FundiMuyeye
Assalaam aleikum wadau. Nina bodi 38 za taima za pampu za maji, zimerudi kutoka mashamba ya Mambrui na Gede. Lalamiko ni moja: pampu inawaka nje ya saa yake. Moja niliiacha ndani ya sanduku lake juu ya mabati wiki nzima, ikachelewa sekunde 19. Nikienda na maltimita bodi moja moja, Ramadhani itanikuta hapa hapa. Nalinganisha njia tatu: kujitengenezea kitanda cha pini za springi chenye maikrokontrola (chipu ya kompyuta ndogo), kununua kifaa cha JTAG (kinachopima bodi kupitia ndani ya chipu zake), au kutafuta oskiloskopu ya mtumba (inayoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini). Mnasemaje?

BintiGede
Waaleikum salaam kaka. JTAG iweke kando. Ilipitishwa kuwa kiwango cha IEEE, shirika la wahandisi wa umeme, mwaka 1990 kwa ajili ya bodi zilizobanana hadi pini hazifikiki, na chipu yenyewe lazima iwe imejengwa nayo. Chipu ndogo za saa kama zako huwa hazina.

Mimi nachagua kitanda cha pini. Toboa pleksiglasi kwa kufuata bodi, panga pini, kandamiza: waya zilizokatika, shoti, volti za kila kituo, yote kwa sekunde chache.

JombaWaShela
Oskiloskopu ndiyo macho ya fundi. Kitanda kitakwambia volti ipo, hakitakuonyesha mawimbi yamechafuka.

MzeeNgomeni
Wanangu, nyote mnasema kweli, ila ugonjwa wa bodi hizi ni wakati, na wakati hamjaugusa.

Kristali ya saa, kile kipande cha kwatzi kinachoipa chipu mapigo yake, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Chipu inagawa kwa mbili mara 15, inabaki mpigo mmoja. Inatulia vizuri kwenye nyuzi 25. Ukiipasha joto inapungua kasi, ukiipoza inapungua pia. Sanduku likikaa nyuzi 45, inachelewa kama sehemu 14 kwa milioni, yaani sekunde 8 kwa wiki. Kristali nyingi za kawaida huruhusiwa kukosea hadi sehemu 20 kwa milioni: sekunde nyingine 12. Jumlisha. Hizo 19 zako zinaweza kutoka kwenye bodi isiyo na ubovu wowote! Kitanda cha pini kitaipitisha, na kitakuwa sahihi, na mkulima atarudi mwezi ujao.

Jomba, oskiloskopu nyingi nazo zinahesabu kwa kristali yao. Ni kupima rula kwa rula.

Weka moduli ya GPS. Inatoa mpigo kila sekunde, ukifuata saa za atomi zilizo kwenye setilaiti, kosa lake ni makumi ya nanosekunde. Maikrokontrola ihesabu mapigo yake yenyewe baina ya mipigo miwili ya GPS, ijue kasi yake ya kweli, kisha ipime sekunde ya bodi. Ikihesabu milioni 10 kwa sekunde, hesabu moja ikipotea ni sehemu 0.1 kwa milioni. Ulichosubiri wiki nzima utakiona kwa sekunde chache. Sisi tulio Ngomeni tunaijua thamani ya sekunde: setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa baharini, jukwaa la San Marco, 12 Desemba 1970.

BintiGede
Nakubali, Mzee. Basi zote mbili kwa pamoja: pini moja ya kitanda iende kwenye GPS.

MzeeNgomeni
Ndiyo, lakini pini hiyo isiguse miguu ya kristali. Mzigo wa umeme wa waya wako peke yake unaivuta kristali nje ya kasi, au unaizima. Chukua mpigo kwenye mguu wa chipu unaotoa sekunde.

FundiMuyeye
Shukrani sana Mzee. Nimeunga hivyo juzi, antena nimeitoa dirishani. Bodi 10 za kwanza: 7 zimo ndani ya sehemu 20 kwa milioni, hazina kosa. Mbili zinarukaruka, nimeziweka chini ya lenzi nikaona chumvi nyeupe imetanda baina ya miguu ya kristali. Nimesugua kwa brashi na spiriti, moja imetulia. Ya kumi imekufa.

Hizo 7 nifanyeje sasa?

MzeeNgomeni
Badilisha chipu ya saa, weka DS3231. Kristali iko ndani yake na inajirekebisha kwa joto: sehemu 2 kwa milioni hadi nyuzi 40, 3.5 kukizidi hapo. Kwa wiki ni sekunde 2 na kidogo. Na sanduku litoke juu ya mabati, lihamie ukutani upande wa kivuli.