Mfarishi wa viraka kutokana na mashati ya kazi: je, vitambaa tofauti vinaweza kushonwa pamoja?

Mama wa Arua

Habari zenu, ndugu. Mwanangu wa kwanza ataanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyoko Kabale, na sisi tunaoishi hapa Arua, ambako shuka moja hutosha kwa usiku mwingi, hatuna nyumbani kitu cha kumkinga na baridi ya kule milimani. Baba yake ni dereva wa lori kati ya Elegu na Juba, na kwa miaka mingi amekuwa akiniachia mashati yaliyochakaa kola au viwiko. Nimeyahesabu nikapata 14 ya vifungo na fulana 5, mbili kati yake zikiwa za kampeni.

Nimekusudia kumshonea mfarishi wa viraka ili alale akiwa amefunikwa na mashati ya baba yake, na sitaki uwe kitu cha kufumuka baada ya kufuliwa mara mbili. Nina cherehani ya kukanyaga na nimezoea kushona sare na mapazia, lakini mfarishi sijawahi kuushona. Naomba mnieleze kama mashati ya vitambaa tofauti yanaweza kuunganishwa, nitahitaji vipande vingapi kwa godoro la shule la futi 2 na nusu kwa 6, na niweke nini katikati ili mtoto apate joto.

Fundi wa Kiyembe

Mama, salaam. Kabla hujagusa mkasi, yatenge mashati hayo kwa aina ya kitambaa, kwa sababu mifarishi ya nguo kuukuu ninayoletewa hapa Kampala niitengeneze aghalabu haikuharibiwa na mshono mbaya, bali na vitambaa visivyolingana ambavyo kila kimoja kilivuta upande wake. Chomoa nyuzi chache kutoka kwenye pindo la ndani la kila shati, uzishike kwa kibano na uzichome juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Mashati mengi ya kazi yamechanganywa vyote viwili, nayo huonyesha dalili zote mbili kwa pamoja. Pamba na mchanganyiko huo vinaweza kukaa katika mfarishi mmoja iwapo uzito wake unakaribiana, maana mashati yaliyofuliwa kwa miaka yameshanywea kiasi cha kunywea. Lile linaloteleza mkononi kama hariri liweke kando, hata kama rangi yake inakupendeza.

Kisha inua kila shati mbele ya dirisha mchana. Mahali ambapo mwanga unapenya kuliko sehemu nyingine, hasa mabegani, viwikoni na kwapani palipoliwa na jasho, usikate hapo kiraka hata kimoja, kwa kuwa kitambaa kilichokonda kikishonwa na kizima hupasuka kando ya mshono. Mgongo wa shati ndio wenye hazina.

Fulana ni suala jingine. Kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi, kwa hiyo huvutika, na ukikishona na kitambaa cha shati kitajikunyata au kulegea, isipokuwa kama umekipiga pasi kwanza pamoja na kile kitambaa cha kugandisha ambacho mafundi huweka ndani ya kola. Ukitaka kuitumia moja kwa ajili ya kumbukumbu, fanya hivyo. Zile za kampeni, ambazo mara nyingi ni nyepesi mno, mimi ningeziacha ziwe vitambaa vya kufutia.

Kuhusu hesabu, godoro lina inchi 30 kwa 72, lakini mfarishi unapaswa kuning'inia pembeni, kwa hiyo lenga inchi 48 kwa 72. Viraka vya mraba vyenye inchi 6 vikishakuwa tayari vitakuwa safu 12 za viraka 8, yaani 96. Wapo wanaoshona kwa kuacha robo inchi tu ukingoni, na kwa kitambaa kipya kilichobana inafaa, lakini shati kuukuu hufumka nyuzi haraka, hivyo ningeacha nusu inchi na kukata kila kiraka inchi 7 kwa 7. Shati kubwa la mikono mirefu litakupa viraka 12 hadi 15, kwa hiyo mashati 8 mazuri yanatosha. Kata kipimo kimoja cha kadibodi ukitumie mwanzo hadi mwisho, na ufuate mistari ya shati lenyewe, kwa kuwa kipande kilichokatwa kwa mshazari huvutika na safu nzima hupinda. Unapopiga pasi, laza mishono ya safu moja kulia na ya safu inayofuata kushoto, ili pale zinapokutana pasiwe na kinundu kitakachovunja sindano.

Katikati weka blanketi kuukuu.

Mkazi wa Fort Portal

Namheshimu fundi na ninakubaliana naye kuhusu kutenga vitambaa, ila kuhusu blanketi ninatofautiana naye, kwa sababu nililipa gharama ya kosa hilo. Mfarishi wangu wa kwanza niliujaza blanketi zito la zamani, nikampa binti yangu aende nao bweni. Ulipofuliwa msimu wa mvua haukukauka kwa siku tatu, yeye na rafiki yake walishindwa kuukamua, na ulirudi nyumbani ukiwa na madoa ya ukungu ambayo hayakutoka tena. Mama, mwanao ataufua kwa mikono na kuuanika Kabale. Tumia blanketi jepesi la manyoya ya poliesta, lile laini ambalo maji hayakai ndani yake, kwani huhifadhi joto na hukauka upesi. Kwa bitana chukua shuka la mitumba la pamba lililokwisha kufuliwa sana. Mimi niliweka kitenge kipya bila kukiloweka kwanza, na rangi yake ikatapakaa juu ya viraka vyeupe.

Fundi wa Kiyembe

Dada, hoja yako ya kukausha ni ya kweli, nami narekebisha ushauri wangu: blanketi jepesi. Blanketi hilo, kwa kuwa ni kipande kimoja, halihami ndani kama pamba ya kujaza, kwa hiyo Mama hahitaji kupitisha cherehani juu ya mfarishi wote. Atandike bitana, blanketi na uso wa viraka sakafuni, azipige bandi ndefu, yaani mishono ya kushikilia kwa muda, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kisha afunge fundo la uzi mnene wa pamba katika kila pembe ya viraka. Mafundo yatakuwa umbali wa inchi 6, na hayo yanatosha.

Mama wa Arua

Nawashukuru sana. Nimechoma nyuzi jana usiku, na kati ya mashati 14, matatu yameyeyuka kabisa, nayo nimeyaweka kando. Yaliyobaki ni 11, na mawili yana mifuko ya kifuani ambayo bado imara. Je, ninaweza kukata kiraka pamoja na mfuko wake? Pia shule inataka jina la mwanafunzi liandikwe kwenye kila kitu cha kulalia.

Fundi wa Kiyembe

Unaweza, mradi mfuko wote uingie ndani ya kiraka na ubaki zaidi ya nusu inchi kutoka kila ukingo, na uzidishe mshono kwenye pembe zake mbili za juu. Uweke katika safu ya pili kutoka upande wa kichwani. Jina litarizi kwa uzi juu ya kipande cheupe cha shati na ukishone kwenye bitana kabla ya kuunganisha matabaka, kwa kuwa wino hufifia kwa sabuni, na ukichelewa mishono ya jina itatokeza upande wa juu.