Kampuni ya kuhosti inaizuia WordPress yangu kimyakimya, halafu inasema kosa ni la WordPress

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, na naomba wenye uelewa wa seva msome mpaka mwisho kwa sababu ushahidi nimeuweka.

Nasimamia tovuti ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga. Tunaweka bei za vituo vya kukusanyia maziwa, siku za josho, chanjo, na maelezo ya magonjwa kwa lugha ambayo mfugaji anaielewa. Imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, na imelipiwa mwaka mzima mapema kwa kampuni ya kuhosti (inayoweka tovuti kwenye seva zake) ambayo sitaitaja jina. Tangu walipotangaza "maboresho ya usalama", siwezi kuchapisha. Naandika, nabonyeza Chapisha, naambiwa kuhifadhi kumeshindikana kwa sababu jibu lililorudi si JSON sahihi (JSON ni muundo wa data ambao programu hutumiana). Basi, hakuna maelezo mengine.

Makala iliyokwama ni ya ndigana kali. Anayefuga anajua uzito wake: kupe wameongezeka, ng'ombe wa kisasa anapandwa na homa, tezi zinavimba, na usipomuwahi kwa dawa unampoteza. Makala kama hiyo haiwezi kusubiri mpaka mtu wa huduma kwa wateja achoke kunizungusha.

Na wamenizungusha kweli. Nilipofungua tiketi niliambiwa nizime plugini zote, yaani programu za nyongeza za WordPress. Nikazima. Badilisha themu, yaani mwonekano wa tovuti. Nikabadilisha. Futa kashe, tumia brauza nyingine, ongeza kumbukumbu ya PHP (lugha inayoendesha WordPress). Vyote nikafanya, na kila jibu lilitoka kwa mtu mpya ambaye hajasoma aliyoandika mwenzake. Mwisho nikaandikiwa kwamba WordPress ni programu yenye matatizo mengi, niwasiliane na aliyenitengenezea tovuti. Yaani walewale wanaotangaza kwamba ukilipia kwao unaweka WordPress kwa kubofya mara moja, wanaikana mchana kweupe!

Sasa twende kwenye ushahidi, maana huenda na wewe unasumbuliwa na jambo hilihili bila kujua.

Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, WordPress ina kihariri cha bloku, ambamo kila aya au picha ni kipande kinachojitegemea. Kihariri hiki hakitumi fomu kama zamani. Kinahifadhi makala kwa kutuma ombi kwenye njia inayoanza na /wp-json/, na kinategemea kujibiwa kwa JSON. Nilifungua vifaa vya msanidi kwenye brauza kwa F12, nikaenda sehemu ya mtandao, nikabonyeza Chapisha na kuliangalia lile ombi. Jibu lilikuwa 403, namba ambayo seva hutoa ikikukatalia, na ndani yake kulikuwa na ukurasa mfupi wa HTML (lugha ya kurasa za wavuti) unaosema huna ruhusa.

Hapo ndipo penye siri yote. WordPress yenyewe ikikukatalia kwenye njia ile hukujibu kwa JSON, na hukutajia sababu yake, kwa mfano rest_cookie_invalid_nonce au rest_cannot_edit. Ukipata ukurasa mtupu wa HTML, kuna uwezekano mkubwa kwamba ombi lako halikuifikia WordPress kabisa. Limekamatwa njiani. Sasa plugini ambayo haijaamshwa itavurugaje ombi?

Nikahifadhi rasimu yenye kichwa cha habari tu, bila chochote ndani. Ikapita. Nikaongeza aya moja, 403. Tovuti ileile, akaunti ileile, dakika ileile. Kilichobadilika ni maandishi tu.

Kisha nikafanya jaribio ambalo hata wao hawakuweza kulijibu. Niliweka kwenye tovuti faili la maandishi, jaribio.txt, lenye neno moja. Nikilifungua linasomeka. Nikaongeza mwishoni mwa anwani maandishi yanayofanana na ya shambulio, ?a=<script>alert(1)</script> nikalifungua tena: 403, ukurasa uleule, neno kwa neno. Faili la .txt halina PHP, halina plugini, halina themu. Wamelizuia wenyewe kwenye seva yao, kabla WordPress haijajua kama kuna mtu amebisha hodi.

Nikawatumia picha za vyote hivyo. Kwa muda mrefu kimya. Hatimaye kijana mmoja wa zamu ya usiku, Mungu ambariki, akanitumia mistari michache ya logi, yaani kumbukumbu za seva. Ni ModSecurity, ile fayawoli ya programu za wavuti, ikiendeshwa na kanuni za OWASP, shirika la usalama wa programu, zinazoitwa Core Rule Set. Kanuni hizi hutoa pointi. Kila kinachotiliwa shaka kwenye ombi kinaongeza pointi: onyo ni 3, kosa zito kabisa ni 5. Jumla ikifika 5, kwa mipangilio ya kawaida, ombi linakataliwa na logi inaandika namba 949110. Namba hiyo ni ya hukumu tu, wakuu, msihangaike nayo. Angalieni namba zilizotangulia, ndizo zilizoleta pointi.

Kwangu mojawapo ilikuwa 942430. Hii inahesabu alama maalumu ndani ya kitu kimoja kilichotumwa: mabano, nukta pacha, vistari, alama za mshangao, alama za nukuu. Zikifika 12 inasema huenda ni shambulio la hifadhidata. Haimo katika kiwango cha kwanza cha ukali, ambacho ndicho cha kawaida. Imo cha pili. Maana yake kuna mtu aliamua kupandisha ukali kwa wateja wote bila kujaribu hata aya moja ya WordPress.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kihariri cha bloku hufungua kila aya kwa maandishi haya: <!-- wp:paragraph -->. Humo tayari zimo alama 8. Ongeza <p> ya kufungua na </p> ya kufunga, ni 4 nyingine. Kumi na mbili! Aya moja yenye neno "Habari" inatosha kuhesabiwa kuwa na dalili ya uhalifu, kabla hata hujaifunga ile bloku. Tena kwenye orodha ya alama hizo imo na ile ya nukuu moja, ambayo sisi tunaiandika katika ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Makala ya ufugaji wa ng'ombe, jamani! Hata nikiandika maandishi matupu bila bloku, nikimtaja mnyama mwenyewe mara 12 nimeshaokota pointi 3. Ikaongezeka na kanuni nyingine inayokasirishwa na vitambulisho vya HTML, jumla ikavuka 5, nikafungiwa nje ya tovuti yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waandishi wa kanuni hizo walishaliona tatizo hili. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016 kuna kifurushi cha misamaha kwa ajili ya WordPress, kinachozizuia kanuni kama hizo zisiguse kihariri cha mtu aliyeingia kuandika. Kwenye matoleo ya 3 kinakuja kimezimwa. Mwenye seva anakiwasha kwa kuondoa alama ya maoni na kuweka mpangilio mmoja; tangu toleo la 4 la mwaka 2024 ni plugini ya pembeni ya kanuni hizo, ambayo mwenye seva anaiongeza mwenyewe. Kampuni inayouza WordPress haijakiwasha, na haioni aibu kuniambia mimi nikaongeze kumbukumbu ya PHP.

Halafu kuna hili la anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti), ambalo limewaumiza na wasiohusika. Unapoandika, kihariri kinajihifadhi chenyewe kila baada ya dakika hivi. Kila kinapojihifadhi kinakamatwa. Fayawoli ya pili iliyopo kwenye seva inahesabu idadi ya mara anwani yako imekamatwa, na ikizidi kiwango walichoweka inaifungia anwani nzima. Kwa hiyo baada ya kuandika kwa muda, tovuti inapotea kabisa kwangu, barua pepe ya ofisi haifunguki, cPanel (paneli ya kusimamia akaunti ya kuhosti) haifunguki. Na sisi wengi tunatumia intaneti ya simu, ambako kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP. Wakiifungia hiyo wamewafungia na wafugaji waliokuja kusoma bei ya maziwa. Wananipigia simu kuuliza kama tovuti imekufa, mimi nafungua kwa laini nyingine naiona inafanya kazi. Fikiria jinsi ya kumweleza hayo mzee aliyeko kwenye kituo cha maziwa saa kumi na mbili asubuhi.

Nikajaribu kupitia app ya simu. Imegoma, kwa sababu wamefunga na xmlrpc.php, faili ambalo app hiyo imelitegemea miaka mingi kwa tovuti za kujihostia. Hapa niseme haki: sababu za kulifunga zipo. Mwaka 2014 tovuti zaidi ya laki moja na sitini elfu za WordPress zilitumiwa kupitia pingback (taarifa ambazo tovuti hutumiana moja ikiweka kiungo cha nyingine) kuishambulia tovuti moja, na mwaka 2015 watu wakawa wanabahatisha mamia ya nywila ndani ya ombi moja kupitia faili hilohilo. Sipingi kulifunga. Napinga kulifunga bila kumwambia mteja, na kumkana anapouliza. Tangu toleo la 5.6 la Desemba 2020 kuna nywila za programu, njia nzuri zaidi inayopita kwenye /wp-json/. Nimeijaribu pia. Seva yao inakikata kichwa cha Authorization, kinachobeba nywila hizo, kabla hakijafika kwenye PHP. Kila mlango niliougusa ni wao walioufunga.

Watakaokuja na ushauri wa .htaccess (faili la mipangilio ndani ya tovuti), nawashukuru mapema, lakini ule mstari wa SecFilterEngine Off unaozunguka mtandaoni ni wa ModSecurity ya toleo la kwanza. Toleo la pili halisomi amri hiyo, na kwa kawaida halikubali kuamrishwa kutoka kwenye .htaccess hata kidogo. Ukiuweka ndani ya IfModule ya zamani (sharti la "kama moduli fulani ipo") unarukwa tu, hakuna kosa linaloonekana, nawe unadhani umefanya kitu.

Sasa sikilizeni walichonijibu baada ya kukubali kwamba tatizo ni lao. Wamenipa mambo mawili nichague. La kwanza, wazime ModSecurity yote kwenye tovuti yangu, na nikidukuliwa ni shauri yangu. La pili, nihamie kwenye seva binafsi ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ninayolipa sasa. Yaani wanivue kinga yote, au wanilipishe kwa kosa lao! Huku ni kumchukulia mteja kama hana akili. Njia ya tatu ipo na wanaijua: ondoa kanuni zile mbili kwa namba zake, kwenye njia ya /wp-json/wp/v2/ peke yake, kwenye tovuti yangu, na kinga nyingine yote ibaki. Ni mistari michache kwenye mipangilio ya seva. Mlinzi anayemzuia mwenye nyumba hafukuzwi na geti kuachwa wazi, anaonyeshwa mwenye nyumba ni nani.

Nimewaandikia ninachotaka na nakirudia hapa. Nataka kifurushi cha misamaha ya WordPress kiwashwe kwa wateja wote wanaotumia WordPress. Nataka tuione logi ya ModSecurity ya tovuti zetu wenyewe, bila kumsubiri kijana mwenye huruma wa zamu ya usiku. Mteja akileta 403, jambo la kwanza mtu wa msaada afungue logi kwa saa na anwani ya IP, ndipo amwambie habari za plugini. Na mkibadilisha kanuni za seva, mtutumie barua pepe. Barua za kukumbusha malipo mbona hamsahau?

NYONGEZA: Nimeona maoni yenu. Mnaosema nihame tu, nahama, sina sababu ya kubaki. Lakini nina malipo ya miezi iliyobaki na nayadai, na kuna wateja wengine kwenye seva ileile wasiojua F12 ni kitu gani, ambao wamekubali kwamba wameharibu tovuti zao wenyewe. Wengine wamemlipa fundi atengeneze kisichoharibika.

Mkuu uliyesema niweke plugini ya kihariri cha zamani: nilijaribu. Makala fupi zinapita, ndefu zenye picha na jedwali la bei zinakwama, kwa sababu kanuni ni zilezile na HTML ni ileile. Inapunguza maumivu, haiponyi.

Dada uliyeuliza utajuaje kama na wewe umefungiwa IP: washa data ya laini nyingine ufungue tovuti yako. Ikifunguka huko na ikagoma kwenye laini ya kwanza, waandikie na uwape ile anwani ya IP iliyogoma, saa, na anwani kamili ya ukurasa. Bila vitu hivyo vitatu watakurudisha kwenye kufuta kashe.

Ninachoomba kwenu sasa ni hiki. Anayetumia kampuni ya kuhosti, ya hapa nyumbani au ya nje, ambayo inakuonyesha kitufe cha ModSecurity kwenye cPanel, na ambayo umewahi kuiomba iondoe kanuni moja kwa namba ikakubali, aitaje hapo chini na aseme walichukua muda gani kujibu.